Kwa Nini Kijiti cha Uzi Huvishwa Kigae

Nyinyi mnaouliza kwa nini kijiti cha kusokotea uzi huvishwa kigae cha mtungi uliovunjika, kana kwamba udongo umekwisha duniani, nisikilizeni. Jambo hili bado linanichoma.

Hapo kale, katika mji mmoja wa pwani, kijiti cha kusokotea kilikuwa kimoja tu, chenye jiwe la kuchongwa chini yake, nacho kilikaa nyumbani kwa Diwani, mtawala wa mji. Pamba walilima wote, lakini asiyepiga magoti ukumbini mwake hakupata uzi. Eti jiwe lile aliachiwa na babu zake, na watu wazima na akili zao wakakubali kuwa mwingine haruhusiwi kuwa nalo.

Binti mmoja, Mize, alikuwa na mama aliyekuwa hainuki tena kitandani. Desturi ya mji ilitaka sanda ya mzazi isokotwe na mwanawe, na bibi yule hakuwa na mwana mwingine. Mize akajaza maji ya zawadi katika mtungi wa mamake, akaenda kwa Diwani.

"Shikamoo, Diwani. Naomba kijiti. Mama yangu hana siku nyingi."

"Kina kazi ya harusi ya binti yangu. Mamako na angoje."

"Hawezi kungoja, bwana."

Diwani akaupiga mtungi teke, ukapasuka. "Haya, kasokotee hivyo vigae."

Harusi! Mtu anakata roho, yeye anawaza mapambo. Mize hakulia, hasira ilimkausha machozi. Aliokota vigae vyote, akarudi kuketi kando ya kitanda cha mamake. Akakisugua kimoja juu ya jiwe mpaka kikawa duara, akakitoboa kwa ncha ya kisu, akachonga kijiti chake mwenyewe na kukivisha kigae hicho. Kikayumba, uzi ukakatika, maana tundu lilikaa pembeni. Akatoboa kingine katikati hasa. Hicho kilizunguka kimetulia, na uzi ukashuka mwembamba, imara.

Mama aliushika uzi ule kabla hajafumba macho. Akazikwa katika sanda ya mkono wa mwanawe.

Wanawake waliokuja kuhani msiba walikiona kijiti, wakaenda kutafuta vigae vyao. Diwani alifoka, akatisha, lakini angekataza nini? Mitungi kuvunjika?

Na tangu siku hiyo kila mwanamke ana kijiti chake, na jiwe la Diwani hakuna ajuaye lilikotupwa. Mama anapomkabidhi bintiye kigae cha kwanza, humwambia maneno yaleyale, kwa upendo: "Haya, kasokotee."