Kifuu cha Asali ya Miwa

Hapo zamani, katika mji uliokosa mvua, alitawala Sultani Zubeiri, aliyependa kusifiwa kuwa husikiliza raia wake wote. Na kweli aliwasikiliza, ila kwa kipimo. Kifuu cha nazi kilichotobolewa tundu kilitundikwa barazani, kikajazwa maji. Maadamu kinatona, mwenye shauri ana haki ya kusema, na Sultani ameapa kutoinuka kitini. Kikikauka, basi. Tena ilikuwa lazima kuanza kwa salamu, nayo salamu ni kuwataja mababu arubaini wa Sultani, kila mmoja na sifa zake. Ikawa watu huishia kwa babu wa kumi na mbili, maji yakaisha, wakatolewa nje.

"Alhamdulillahi," Sultani humwambia waziri wake, "raia zangu hawana malalamiko."

Ukame ulipozidi, akakitia kufuli kisima cha mji, kisha akayaonea uchungu hata maji ya kifuu. Akatangaza: "Kila mwenye shauri aje na chake, chochote kimiminikacho."

Basi palikuwa na maskini mmoja, jina lake Vuai, mkamuaji wa miwa, ambaye ujira wake ulikuwa ukoko wa sufuria. Mkewe, Mize, alikuwa gerezani siku ya tisa kwa kosa la kuteka kata moja ya maji ya kisima hicho. Watu wakimwambia Vuai, "Subira, ndugu yetu," yeye huwajibu kwa uchungu, "Subira mpelekeeni Mize, ndiye aliyefungwa."

Siku ya kumi asubuhi akaingia barazani na kifuu cha asali ya miwa, ile nzito ya chini ya sufuria. Akakitundika, akaanza salamu. Babu wa kwanza, hakuna tone. Kwa babu wa kumi ndipo tone moja likachungulia tunduni, nalo halikuanguka, likaning'inia. Adhuhuri ikamkuta Vuai kwa babu wa ishirini na tatu, akimsifu kwa kituo, na tumbo la Sultani linanguruma mbele za watu.

"Ewe mlaanifu!" waziri akafoka. "Kitu hiki hakimiminiki!"

"Chamiminika, bwana waziri, tazama. Maji ni mepesi, asali ni nzito, lakini vyote vinateremka. Tangazo lilitaka kimiminike, halikutaka kikimbie."

Waziri akaagiza makaa, maana asali ikipata moto hulegea.

"Na yaje," akasema Vuai kwa adabu. "Ila kifuu kikiteketea kabla ya kukauka, Bwana wangu atainuka lini?"

Sultani akayarudisha makaa mbio. Alasiri alikuwa hoi, na Vuai angali kwa babu yule yule wa ishirini na tatu.

"Vuai, nakusamehe mababu waliobaki. Sema shauri lako!"

"Mke wangu aliteka kata moja ya maji kwa kiu. Naomba aachiwe."

"Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo tu, Bwana wangu."

"Mbona hukulisema tangu asubuhi?"

"Nilikuwa nawasalimu wazee wako."

Watu wakainama kuficha vicheko. Sultani aibu ikamshika, akacheka ili isionekane, akaamuru Mize atolewe na kufuli ya kisima ivunjwe. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa niinuke?"

Vuai akakichungulia kifuu. "Bado nusu, Bwana wangu. Muda wangu uliobaki nawapa wenzangu walioko nje, na mababu wamekwisha kusamehewa."

Akaenda zake gerezani. Nyuma yake watu wakaingia mmoja mmoja, na Sultani akawasikiliza wote hadi magharibi, na njaa yake.

Mize akatoka, akamtazama mumewe. "Umekawia, baba."

"Nisamehe, mama," akasema Vuai. "Nimepitia kwa watu ishirini na watatu, na wote marehemu."