Jinsi Wimbo Ulivyopata Mkia

Hapo kale nyimbo zilikuwa zikikatika tu. Mpiga ngoma akichoka, alinyanyua mikono, na wimbo ukafa papo hapo, wachezaji bado wameinua mguu. Watu walitawanyika, kila mmoja akaenda na lake. Hakuna aliyeona kasoro, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikia vinginevyo.

Katika kijiji cha Mvungule, nchi ya uwele na miiba, aliishi mjane aitwaye Mbeleje. Huko ngoma ilikuwa kazi ya wanawake. Waliibana kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na Mbeleje ndiye aliyewaongoza. Alikuwa na binti mmoja tu, Nyemo, aliyemlea mgongoni huku akipiga, hata mtoto akayajua mapigo kabla ya kujua kusema.

Nyemo alipochumbiwa na kijana wa ng'ambo ya milima, Mbeleje alifurahi kweli. Lakini desturi ilikuwa hivi: bibi harusi alichezewa ngoma uani kwa mama yake, na ikinyamaza tu, anaondoka.

Basi siku hiyo Mbeleje akapiga. Alipiga tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, likaanza kushuka. Wenzake waliacha mmoja mmoja, viganja vimewavimba. Yeye akaendelea peke yake. Mjomba wa bwana harusi akamsogelea kwa adabu.

"Mama Nyemo, njia ni ndefu, na kule milimani kuna simba. Turuhusu twende kungali na mwanga."

"Bado kidogo, baba."

Hiyo bado kidogo ikarefuka. Wageni wakaanza kutazamana. Ndipo Nyemo, njuga miguuni, akapiga magoti mbele ya mama yake na kuishika mikono yake. Ngoma ikanyamaza.

"Mama, unalia."

"Silii. Ni jasho."

"Basi nikufute hilo jasho," Nyemo akasema, akamfuta mashavu yote mawili, akainuka kuwafuata wakwe zake.

Mbeleje alimtazama akiondoka kimya kimya, kama mtu aliyefukuzwa. Moyo ukakataa. Akaivuta ngoma tena. Hakuanza wimbo upya. Alichukua kipande cha mwisho tu, akakipiga taratibu na kwa sauti ya chini. Kule njiani Nyemo akasimama. Hakurudi. Alikanyaga chini kwa nguvu, njuga zikaitika. Mama akapiga, binti akaitika akiwa anatembea, kila mara polepole zaidi, kila mara kwa mbali zaidi, mpaka pigo la mwisho likatua taratibu, kama mtoto anayelazwa usingizini.

Mbeleje akacheka na machozi yake, akaweka ngoma kando, akaingia ndani kupika. Wenzake waliokwisha kuinuka waliketi tena uani.

Na tangu siku hiyo nyimbo zina mkia. Wengine huutumia kuwatuliza wachezaji mpaka pumzi ziwarudie, wengine kumsindikiza mgeni, na akina mama humalizia nao nyimbo za kubembeleza watoto. Mpiga ngoma hunyamaza kidogo, kisha hurudia kipande cha mwisho chini chini, na aliyekwisha kuinuka huketi tena. Ukiwauliza wanangoja nini, watajiwekea kidole mdomoni na kukunong'oneza: "Tulia. Mtu anaagwa."