Mchapa Umande

Mtu mmoja alikuwa na kiwanja cha gofu chini ya Mlima Meru, akawapa ndugu wawili kazi ya kutunza mazulia yake. Zulia ni pale penye shimo na bendera, nyasi zimekatwa fupi kama kichwa cha mwanajeshi ili mpira uteleze. Anaeli, mkubwa, alipewa zulia la juu. Ndekirwa, mdogo wake, alipewa la chini. Mwenye kiwanja akasema: masika yakishika nitaalika wageni, na ambaye zulia lake litaniaibisha atarudi nyumbani.

Ndugu hao walilingana kwa kukata, kwa mbolea, hata kwa mchanga. Walipishana kwa jambo moja. Kila alfajiri Anaeli alitoka na ufito wa mwanzi mrefu kuliko nyumba yake (sitii chumvi, nyumba yenyewe ilikuwa fupi), akaupitisha juu ya nyasi huku na huku mpaka umande wote ukaanguka. Alirudi suruali imelowa hadi magotini, na ikifika adhuhuri anakoroma kivulini. Ndekirwa aliamka jua limekwisha kutoka, mkavu, shati limepigwa pasi. Na mwenye kiwanja alikuja mchana tu. Aliona mazulia mawili ya kijani, mtu mmoja nadhifu na mmoja amelala. Mnadhani alimsifu nani?

Ndekirwa akacheka: "Kaka, hizo nyasi zimekukosea nini hata uzichape kila siku? Umande hukauka wenyewe."

"Hukauka, mdogo wangu," Anaeli akajibu, "lakini hauondoki bila kuacha kitu."

Masika yakashika. Nyasi zikaota kwa fujo, umande ukawa mzito, ukakaa mpaka jua lipande. Zulia la chini lilikauka lenyewe kila siku, kama Ndekirwa alivyosema. Kisha asubuhi ya wageni likaamka na mabaka ya kuvu, rangi ya majivu, mapana kama sahani. Hayakuingia usiku ule. Yalikuwa yamejijenga chini kwa chini, pale unyevu ulipokuwa ukilala. Mgeni wa kwanza akagonga mpira, ukarukaruka kama chura, ukaishia kichakani.

Mwenye kiwanja akang'oa bendera kwa mkono wake mwenyewe, akapanda nayo kwa Anaeli. Huko mpira uliguswa kidogo tu, ukateleza, ukapinda pale ardhi ilipopinda, ukaingia shimoni kama mtu anayerudi kwake. Wageni wakapiga makofi mpaka kunguru wakahama miti. Walipouliza ni dawa gani, Anaeli, ambaye unyenyekevu hakuujua hata kwa sura, akainua ufito wake juu kuliko bendera, akalizunguka zulia zima kama mfalme na fimbo yake. Nani angemkataza?

Jioni Ndekirwa alifunga mizigo. Anaeli akaenda kumwombea kwa mwenye kiwanja, na siku hiyo hakuna aliyeweza kumnyima neno. Alfajiri iliyofuata fito mbili zilionekana zikipita juu ya nyasi, na suruali mbili zililowa.

Basi wewe uliyelala jana na kinyongo juu ya mwenzio, ukisema kitaisha chenyewe: asubuhi hii umekichapa, au unangoja jua?