Ufunguo Uliovuka Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Na ninyi mnaosinzia huko nyuma, paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale walikuwapo Pimbi wawili, Dada na Mdogo wake. Dada aliolewa ng'ambo hii ya korongo. Mdogo alibaki ng'ambo ile, kwa mama yao, penye ghala la mtama. Mama akafa. Ufunguo wa ghala ukabaki kwa Dada.

Ikaja njaa. Watoto wa Mdogo wakalia, wakalia, hata sauti zikawakauka. Ghala limejaa, mlango hauvunjiki.

Korongo lile hakuna aliyeweza kulivuka ila Ngedere. Na Ngedere mnamjua, mkono wake hauna adabu! Akiupata ufunguo, mtama wote utaishia tumboni mwake.

Dada akapaza sauti: "Mdogo wangu! Nautia ufunguo kisandukuni, nafunga kwa kufuli langu!"

"Sasa mimi nitafunguaje, Dada?"

"Usifungue! Tia na kufuli lako, unirudishie. Mimi nitatoa langu. Litabaki lako, nalo utalifungua mwenyewe!"

Korongo likarudia kila neno. Ngedere akasikia yote. Akacheka, kwi kwi kwi.

Akabeba kisanduku. Puu, tawi hili. Puu, tawi lile. Katikati akaketi, akatia kufuli lake yeye, ka! Akarudi.

"Mama, mdogo wako ameshatia lake. Toa lako upesi, watoto wanakufa!"

Neno la watoto likamchoma Dada. Akashika ufunguo wa kufuli lake, akainama. Akaligeuza lile kufuli geni. Akaligeuza tena.

Makufuli yao yalichongwa kwa mti, na mama aliwazoeza tangu utotoni: kila kilicho chako, king'ate alama. Jino la Mdogo lilivunjika pembeni siku walipoanguka pamoja mwambani. Alama ya jino hilo Dada angeijua hata akiwa amefumba macho. Hapa haikuwapo.

"Bwana Ngedere, hili la nani?"

"La... la mdogo wako!"

"Toa la kwako, uvuke. Ghala likifunguka na wewe utapewa kibuyu kimoja."

Ngedere akajikuna. Kisanduku hakifunguki, na njaa inamuuma yeye pia. Akalitoa lake, akavuka kweli.

Kisanduku kikarudi na kufuli lenye alama ya jino lililovunjika. Dada akaipapasa, akalia. Akatoa kufuli lake. Kisanduku kikavuka tena, mara ya mwisho.

Jioni ile moshi ulionekana ng'ambo. Korongo likaleta sauti za watoto wakigombania ukoko.

Ndugu zangu, maneno yao yote yalisikika, na bado siri haikutoka. Ufunguo wa kufuli lako usiutume safari. Na ukiletewa kufuli la mwenzako, kabla hujatoa lako, hakikisha kwanza ni lake kweli.

Hadithi yangu imeishia hapo, upande wenu wa korongo.