Mwamba Ulioandikwa Hapana Kitu

Mwamba wa siri hauna mtetezi.

Vijana wa kamati ya ufukwe walikuwa wametoka kuisikia kauli hiyo mkutanoni, pale mwanamke mmoja alipoyavuta maneno badala ya kutaja mahali anapookota chaza, na mwenzake akamtupia maneno hayo. Wakamwendea Bi Mgeni Chande, aliyekuwa akigeuza mwani wake juani, wakamwuliza imetoka wapi. Bi Mgeni alimaliza kwanza safu aliyokuwa nayo, kisha akakaa.

"Methali hiyo ina mwenyewe, wanangu," alisema, "na imezaliwa hapa hapa Pandeni. Chanzo chake ni hiki."

Palikuwa na mwanamke akiitwa Somoe Mkwinda, mvuvi wa pweza. Siku za bamvua, maji yakipwa sana, wanawake wote wa Pandeni walishuka mwambani na vyuma vyao kuchokoa matundu. Somoe hakufuatana nao. Alikata kushoto, akaizunguka rasi, akaingia kwenye hori ndogo, kijighuba kilichofichwa na mawe. Humo mlikuwa na mwamba alioonyeshwa na marehemu mama yake, naye mama alionyeshwa na mamaye. Wenyewe waliuita Sanduku. Ulikuwa na matundu arobaini na moja, na Somoe aliyajua kama mtu anavyojua vyungu vya jikoni kwake. Ukitoa pweza leo, bamvua lijalo mwingine amehamia. Na kwenye kipande cha mchanga kilichokuwa juu yake, kasa walipanda kutaga. Kwa mwamba huo Somoe aliwalea watoto watatu baada ya kufiwa na mume.

Msimhukumu haraka. Siku zile kutaja tundu la pweza kulikuwa kama kumfungulia mgeni mlango wa chumba cha kulala. Tena mfano ulikuwapo. Mwanamke wa kijiji jirani alimwambia shemeji yake, shemeji akawaambia vijana wenye miwani ya kuzamia, na baada ya wiki moja mwamba ule haukuwa na hata pweza wa kuonja. Somoe aliyaona hayo kwa macho yake.

Basi wakaja watu wa ofisi kuchora ramani ya pwani. Kati yao alikuwamo dada mmoja wa bara, jina lake Leontina, mpole, ambaye hakuandika neno kabla ya kuliuliza mara mbili. Aliwaeleza wanawake kwamba meli za mafuta zinapita nje pale, na moja ikipasuka, vizuizi vya kuzuia mafuta havitatosha pwani nzima.

"Ndiyo maana tunauliza leo, mama zangu. Penye rangi nyekundu patalindwa kwanza. Pakibaki peupe, maana yake hapana cha kuharibika."

Wanawake wakataja: hapa mashamba ya mwani, hapa mikoko wanakokulia kamba, pale mchanga wa ndege. Mwamba mkubwa wa kijiji ukapakwa wote nyekundu, na siri za wengi, zilizokuwa ndani yake, zikalindwa bila kutajwa. Sanduku halikuwa ndani yake. Lilikuwa peke yake, nyuma ya rasi.

Leontina akaweka penseli kwenye hori. "Hapa, mama Somoe? Wanasema wewe hupita huko."

"Napita kutafuta kuni."

"Hapana kitu?"

"Mchanga na mawe."

"Juzi niliona mburuzo mchangani, kama wa kasa."

"Aa, mwanangu! Huo ni wa mtumbwi."

Wanawake wakaangua kicheko. "Wa bara huyu!" alisema Hadia, jirani yake Somoe. "Kesho ataona kamba ya nanga, atasema nyoka!" Leontina naye akacheka, akaandika kwenye daftari. Somoe akacheka pamoja nao, na alicheka kwa nguvu kuliko wote. Baadaye, katika yote aliyoyafanya siku ile, kicheko hicho ndicho kilichomrudia mara nyingi zaidi.

Ikapita miaka miwili. Asubuhi moja meli ya mafuta ikapanda mwamba wa nje, ikatoboka ubavu. Ilipofika saa nne harufu ilikuwa imeingia hadi vyumbani. Watu wa ofisi wakaja na vizuizi vyao, maboya marefu ya rangi ya chungwa yaliyounganishwa kama mkufu. Mkubwa wao, Bwana Kazembe, aliikunjua ramani juu ya meza ya mnada wa samaki, kijiji kizima kikamzunguka.

"Vizuizi ni vichache," alisema. "Na mafuta hayawezi kusimama njiani, lazima yaende mahali. Tutakinga mwamba mkubwa, mikoko na mwani. Mafuta tutayaelekeza kwenye hori hii, tuyanyonye kwa pampu. Humu hamna kitu."

Kidole chake kilikuwa juu ya Sanduku.

Somoe alitaka mtu mwingine aseme. Alitazama uso huu na ule, hakuna aliyeshtuka. Kwao ilikuwa hori tu.

"Siyo hapo," alisema.

"Unasemaje, mama?"

"Hapo pana kitu."

Leontina alikuwapo. Akafungua daftari lake, akatafuta, akasoma polepole kama mtu anayetamani akute vingine: "'Somoe Mkwinda. Mchanga na mawe. Mburuzo ni wa mtumbwi.'" Akainua macho. "Mama, au nilikosea kuandika?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Angesema ndiyo, umekosea, na nani angemwamini mtu wa bara asiyejua mburuzo wa mtumbwi? Somoe aliutazama mlango huo, akauacha. Kisha akasema, "Hukukosea. Nilikudanganya. Humo mna matundu arobaini na moja ya pweza. Na mburuzo ule ulikuwa wa kasa."

"Kumbe!" Hadia alipasuka. "Sisi turudi na vipweza kama ngumi, mwenzetu abebe wa kilo nne, nasi tuseme ana dawa!"

Mmoja alicheka. Wengine wakamkata jicho, akanyamaza.

Bwana Kazembe alitazama saa. "Maji yameshaanza kujaa. Naweza kuvigeuza vizuizi, lakini mafuta yataingia kwenye mwani. Mashamba haya ni ya nani?"

"Yetu," walijibu wanawake. Walikuwa thelathini.

"Basi semeni. Nani anausemea mwamba huu?"

Hakujibu mtu. Haikuwa chuki. Mtu atausemea vipi mwamba ambao hajaukanyaga, ambao ameusikia dakika hii? Macho yote yakamgeukia Somoe, na Somoe akaona aibu hata ya kuwa na kivuli pale mezani. Alijua akiomba atawaomba watu wapoteze chakula chao ili walipie uongo wake.

"Acheni ilivyoandikwa," alisema.

Mafuta yakaingia horini mchana ule, mazito, meusi, yakijikunja. Pampu zilinyonya siku sita. Somoe alikuwa wa kwanza kufika kila siku na ndoo yake. Pweza jike aliyeatamia mayai hatoki tunduni hata ufanyeje, na Somoe alijua ni matundu yapi yalikuwa na wa namna hiyo. Aliyapita bila kuyataja. Siku ya saba akakusanya chuma chake na kapu, akavitia ndani, hakuvishika tena mwaka mzima.

Mwaka uliofuata Leontina alirudi na ramani mpya. Wanawake wakakaa, kila mmoja ameufunga mdomo, maana mazoea hayaondoki kwa msiba mmoja. Somoe akainuka wa kwanza.

"Niandike nini hapa, mama?" Leontina aliuliza. Penseli nyekundu ilikuwa mkononi tayari.

"Andika palikuwa na pweza. Na mwezi wa nne kasa walipanda."

"Mama yangu, ramani huandika kilichopo."

Somoe akatazama ile karatasi. "Basi paache peupe," alisema. "Safari hii ni kweli."

Leontina akaiweka penseli chini. Hapo Hadia akajikokota hadi kwenye karatasi, akaweka kidole mahali fulani nyuma ya mikoko ambapo hapakuwa pametajwa na mtu tangu enzi za bibi yake. "Paka nyekundu hapa," alisema. "Chaza. Wengi." Kisha akamgeukia Somoe, na sauti yake haikuwa na kejeli. "Ungetuambia hata sisi tu, mwenzangu. Siku ile tungepiga kelele mpaka yule bwana akimbie."

Somoe alijibu akiangalia miguu yake. Hakuwa akimfundisha mtu.

"Ndiyo, Hadia. Mwamba wa siri hauna mtetezi."