Jumbe Shebughe na Upele wa Hunijui

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, moto unawatosha wote.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha Kwemhasha, palikuwa na jumbe aliyeitwa Shebughe. Alikuwa na mbwa wa kuwindia, jina lake Hunijui. Walilala chumba kimoja, jumbe kitandani, mbwa miguuni pake juu ya ngozi ya mbuzi. Chui aliponyemelea mbuzi wa kijiji, Hunijui alimfukuza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Siku moja Hunijui akaanza kujikuna. Kwaru, kwaru, kwaru! Manyoya yakapukutika masikioni, yakapukutika viwikoni, yakapukutika tumboni. Ngozi ikafanya ukoko kama chungu cha ugali.

Watu wakanong'ona, "Mbwa huyu amelaaniwa."

Jumbe, aliyependa sana kuonekana mkali, akaitisha baraza. "Kuanzia leo, yeyote anayejikuna atoke kijijini!"

"Hata mbwa wako, Jumbe?"

"Sheria haiulizi mbwa ni wa nani!"

Watu wakapiga makofi.

Hunijui akasema, "Bwana wangu, huu ni ugonjwa tu. Nitafutie dawa."

"Nenda."

"Porini kuna chui, nami sina nguvu."

"Nenda!"

Hunijui akaenda, mkia katikati ya miguu.

Siku ya tatu, Jumbe akiwa barazani, kwapa likamwasha. Akavumilia. Tumbo likamwasha. Akavumilia. Kiuno kikamwasha, akaanza kujisugua kwenye nguzo.

"Jumbe, mbona unacheza?"

"Nawaza," akajibu.

Nyumbani, mkewe Mamkunda akamtazama. "Mume wangu, umeisahau sheria yako?"

"Nyamaza! Ni mbu."

"Mbu gani wa saa sita mchana?"

Alfajiri yake Jumbe akaaga kwamba anakwenda kuwinda. Akavuka mto, mbio mpaka kwa Bibi Makiwa, mwanamke aliyetibu mifugo. Uani akamkuta Hunijui amelala, shingoni kavishwa kikapu kilichotobolewa kitako, asije akailamba dawa.

"Karibu, bwana wangu," akasema Hunijui. "Nawe wamekufukuza?"

Jumbe akajikuna kwapa.

Bibi Makiwa akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Hakuna laana hapa. Ni wadudu wadogo, jicho haliwaoni. Wanachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai. Wamekupata kwa mbwa wako, lakini hawa wa mbwa hawadumu kwa mtu. Akipona yeye, utapona wewe."

"Na asipopona?"

"Mtajikuna wote. Haya, shika maji. Utamwogesha mwenyewe."

Jumbe wa Kwemhasha akapiga magoti, akalainisha ukoko kwa maji ya vuguvugu, akampaka mbwa kiberiti upele, ule unga wa manjano wa dawa, kilichosagwa kwenye mafuta. Kwa aibu akasema, "Hunijui, nilikukosea."

"Mgongoni hujafika," akasema Hunijui.

Baada ya siku chache muwasho ukapungua. "Amepona, twende!" akasema Jumbe.

"Kaa chini," akasema Bibi Makiwa. "Mayai yanaanguliwa."

Siku ya saba wakapaka tena. "Sasa amepona, twende!"

"Kaa chini."

Siku ya kumi na nne wakapaka mara ya tatu. Jumbe akafungua kinywa, akakumbuka, akakaa mwenyewe. Siku ya ishirini na moja Bibi Makiwa akaichunguza ngozi, manyoya mapya yameota. "Sasa nendeni. Ile ngozi aliyolalia Hunijui ichomeni. Nami nakuja, maana mbwa wengine nao watakuwa na wadudu hawa."

Kijijini chui alikuwa amekula mbuzi watatu. Jumbe akaitisha baraza, Hunijui kando yake.

"Nimekaa porini siku ishirini na moja nikiwaza," akasema. "Na kwa hekima yangu nimeona kwamba kujikuna si kosa."

Hunijui akamtazama. Jumbe akakohoa.

Kisha Mamkunda akapeleka mkono kwapani, akajikuna waziwazi. Jirani yake akajikuna. Mara baraza zima likawa linajikuna, wazee kwa vijana, huku machozi ya raha yakiwatoka.

"Jumbe wetu ana huruma!" wakasema. "Jumbe wetu ana busara! Nani angeyajua haya?"

Bibi Makiwa hakusikia sifa hizo. Alikuwa nyuma ya nyumba, amekunja mikono ya nguo, anaogesha mbwa wa tisa.

Hadithi yangu inakomea hapo. Mimi nanyamaza, ninyi nendeni mkawatazame mbwa wenu.