Ndiyo ya Bi Mize

Kufuli lisilomjua mwenyewe ni mwizi. Mmeisikia sasa hivi na mnacheka, mkidhani ni methali ya watu wa kale na makufuli yao ya kutu. Wapi! Ni ya juzi tu, ya simu kama hizo mlizokumbatia, na ilianza hivi.

Huko Pemba, kijana mmoja aitwaye Faki aliwatengenezea wanawake wa ushirika wa mikeka programu ya blokicheni. Kila msukaji angeandikisha nakshi yake, na kumbukumbu ingetawanywa kwenye kompyuta nyingi duniani, bila ofisi wala mkubwa wa kuifuta. Hakuna mfanyabiashara ambaye angeiba tena nakshi ya mtu na kuiita yake. Faki aliionea fahari kazi yake, na haki yake alikuwa nayo. Lakini aliijaribu peke yake, chumbani kwake, naye ndiye aliyeitunga.

Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Bi Mize, aliyerithi nakshi ya marehemu mama yake na kutaka kumwachia bintiye. Simu ikamwonyesha maneno ya siri, ambayo ndiyo ufunguo wake, mara moja tu. Kisha ikamuuliza, "Umeyahifadhi?" Bi Mize akabonyeza "Ndiyo". Faki alikuwa papo hapo, akapiga makofi pamoja na wenzake.

Haukupita muda mrefu, simu ikamtumbukia Bi Mize kwenye beseni alimoroweka ukindu, ikafa. Akapata nyingine, akajaribu kuiandikisha nakshi yake upya, maana maonyesho ya ushirika yalikaribia na mkeka usioandikishwa haukupokewa. Simu ikajibu, "Nakshi hii ina mwenyewe."

"Mwenyewe si mimi?" akauliza Bi Mize.

Faki akaitwa. Badala ya kumpa pole, akapandisha sauti mbele ya ushirika mzima.

"Bibi, uliulizwa kama umeyahifadhi yale maneno, ukasema ndiyo! Kwa nini ulidanganya?"

Wanawake wakaacha kusuka. Kumwambia mtu mzima kadanganya, tena hadharani!

"Sikudanganya, mwanangu," akasema Bi Mize taratibu. "Iliniuliza, nikaijibu vizuri. Wewe ulipoingia ukaniuliza hali, nikakwambia njema, na goti linaniuma tangu juzi. Mtu humjibu mgeni uzuri. Kama simu ilitaka kujua kweli, ingeniuliza tena."

Faki akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Hilo la kuuliza tena lilikuwa kazi ndogo. Aliliacha kwa sababu yeye mwenyewe hakulihitaji.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Basi nifungulie."

"Siwezi. Hakuna awezaye."

"Hata wewe uliyeitengeneza?"

"Hata mimi."

Bi Mize akaukunja mkeka wake. "Mwizi wa kawaida ningempeleka kwa sheha," akasema. "Huyu wako nimpeleke wapi?"

 Baadaye Faki aliitengeneza upya programu: siku hizi humtaka mtu ayarudie maneno yake, na akiyapoteza, jamaa aliowateua humfungulia kwa pamoja. Wasukaji wengine wamenufaika. Nakshi ya Bi Mize imo mle mle mpaka leo, salama kabisa, na bintiye akiipeleka kwenye maonyesho hurudishwa mlangoni, kwa kuwa hana maneno ya kuthibitisha kuwa ni yao. Kila Faki anaposifiwa, huinamisha kichwa na kuwaambia wanaomsifu: kufuli lisilomjua mwenyewe ni mwizi.